Aliyepona saratani aandikiwe dawa alizopewa, na moyo wake upimwe

Bwana Mhariri,

Nimesoma kwa furaha makala mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu watu wa mkoa wetu waliotibiwa saratani wakapona. Ni habari ya kushukuru, kwa kuwa wengi wetu tulikua tukiamini kwamba anayeambiwa ana saratani ameshaambiwa aage watoto wake. Hata hivyo makala ile iliishia pale mgonjwa anapofunga virago na kurudi nyumbani. Mimi ni mkunga katika mji huu wa Bukavu, na watu hao nakutana nao baadaye, miaka mingi baada ya dawa ya mwisho, wakati ambapo hakuna tena anayewauliza habari za saratani. Baadhi yao wanakuja na moyo uliodhoofika, na kilichoudhoofisha ni dawa ileile iliyowaponya. Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji nilieleze jambo hilo, na niseme pia yale ambayo naona yanaweza kufanywa hapa kwetu bila kungoja msaada wa kutoka mbali.

Katika kemoterapia, ambayo hapa kwetu tunaiita kimio, kuna dawa za namna nyingi, na si zote zinazogusa moyo. Zinazojulikana zaidi kwa madhara hayo ni za jamii ya antrasiklini, yaani doksorubisini, daunorubisini na epirubisini. Aliyewahi kutiwa doksorubisini mshipani huwa haisahau, kwa sababu ni nyekundu sana na mkojo wake hubadilika rangi kwa siku moja au mbili. Dawa ya kwanza ya jamii hii ilitokana na bakteria waliopatikana katika udongo wa kusini mwa Italia, karibu na ngome ya Castel del Monte, katika miaka ya 1950, na doksorubisini iliyofuata ikapewa jina la biashara la Adriamycin kutokana na bahari ya Adriatic iliyo jirani na mahali hapo. Leo doksorubisini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Inatumika kutibu saratani ya titi, saratani za tezi za limfu, saratani ya damu ya watoto, saratani za mifupa, na ule uvimbe wa figo wa watoto unaoitwa Wilms. Nasema wazi, ili mtu yeyote asininukuu vibaya: mgonjwa aliyeandikiwa dawa hii na daktari wake asiikatae kwa ajili ya barua yangu. Saratani isiyotibiwa mara nyingi inaua, tena mapema, ilhali madhara ninayoyaeleza yanawapata baadhi tu, na yakigunduliwa mapema yana dawa.

Madhara hayo yanakujaje? Dawa hizi huiua seli ya saratani kwa kukata nyuzi zake za urithi, zikipitia kimeng'enya kinachoitwa topoisomerasi. Seli za moyo nazo zina kimeng'enya cha ukoo huohuo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha, kwa kutumia panya, kwamba ni kupitia hicho dawa inapoingia na kuharibu hata zile sehemu za seli zinazotengeneza nguvu. Ngozi, damu na utumbo hujirudishia seli zilizokufa, ndiyo sababu nywele za mgonjwa huota tena na vidonda vya mdomoni hupona. Msuli wa moyo hauna uwezo huo ila kwa kiasi kidogo mno, na seli iliyokufa pale karibu haina mrithi. Zinazobaki hubeba kazi ya zilizoondoka, kwa hiyo mtu anaweza kuishi miaka bila kuhisi lolote, akalima, akacheza mpira, akaolewa, huku akiba ya moyo wake ikipungua taratibu.

Jambo la pili ambalo msomaji anapaswa kulielewa ni kwamba dawa hizi hujumlishwa. Mwili hausahau dozi ya kwanza unapopewa ya sita, wala dozi za utotoni mtu anapougua tena ukubwani. Madaktari hupima doksorubisini kwa miligramu kwa kila mita mraba ya mwili wa mgonjwa, wakikadiria eneo hilo kutokana na urefu na uzito wake, kisha hujumlisha dozi zote za maisha. Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2003, uliowahusu wagonjwa 630, ulikadiria kwamba moyo ulishindwa kazi kwa watu 5 katika kila 100 waliofikia jumla ya miligramu 400, kwa 26 katika kila 100 waliofikia miligramu 550, na kwa karibu nusu ya waliofikia 700. Kwa watoto hali ni nyeti zaidi, kwa kuwa moyo wao bado unapaswa kukua pamoja na mwili. Mwaka 1991 madaktari wa Boston, huko Marekani, walichapisha matokeo ya watoto 115 waliotibiwa saratani ya damu kwa doksorubisini, na kati ya kila 100, watoto 57 walikutwa na kasoro katika nguvu ya moyo au katika mzigo unaoubeba. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba wasichana huathirika kuliko wavulana. Hakuna kiwango ambacho mtu anaweza kuambiwa kwamba chini yake hana hatari kabisa, na aliyepigwa mionzi kifuani pamoja na dawa hizi hatari yake huzidi.

Dawa nyingine zenye kugusa moyo nazitaja kwa ufupi tu. Trastuzumabu, inayotumika kwa aina fulani ya saratani ya titi, inaweza kudhoofisha moyo, lakini mara nyingi moyo hurejea dawa inaposimamishwa. Siklofosfamidi kwa dozi kubwa sana huleta madhara mapema, si baada ya miaka. Ninaloliandikia leo ni lile linalochelewa, kwa sababu hilo ndilo linalotupita bila kuonekana.

Na katika Bukavu linatupita kwa urahisi kuliko kwingine. Mji wetu umejengwa juu ya milima, kwenye kimo cha kama mita 1,500, na kila anayepanda kwenda soko la Kadutu na mzigo hufika akihema. Mtu akisimama katikati ya mteremko kupumzika, hakuna anayeshangaa. Akisema pumzi inamkatika usiku, anaambiwa ni baridi ya ziwani, ni pumu, ni upungufu wa damu au ni malaria iliyokaa mwilini. Miguu ikivimba na tumbo likijaa maji huku mwili ukikonda, jirani atasema kwa sauti ya chini kwamba amelishwa karuho, na familia itatumia dola zake za mwisho kwa mtu anayedai kuitoa sumu hiyo kwa kumtapisha. Siwacheki wanaofanya hivyo, maana hakuna aliyewahi kuwaeleza kwamba dawa ya mwaka ule inaweza kuleta uvimbe wa mwaka huu.

Nimemhudumia mama mmoja kijana ambaye sitamtaja, wala sitasema alitibiwa wapi. Utotoni alikuwa na uvimbe wa figo, akavushwa mpaka wa nchi, akatibiwa, akapona. Alipokuja kwetu CPN, yaani kliniki ya wajawazito, mimba yake ilikuwa imefika mwezi wa saba, na alikuwa akilala ameketi, ameegemea ukuta kwa mito na vitenge vilivyokunjwa, kwa sababu akilala chali kikohozi kinamwamsha na pumzi inakata. Alinitazama akasema, «Mama, ni mimba tu na hii milima.» Katika mfuko wa plastiki, pamoja na kadi yake ya chanjo, alikuwa amehifadhi karatasi ya hospitali kwa uangalifu wa kusifiwa. Mstari wa kwanza ulisema: uvimbe wa figo. Wa pili: kimio imekamilika. Wa tatu: amepona. Hapakuwa na jina la dawa, wala miligramu, wala neno moja kuhusu moyo. Ekografia ya moyo, yaani kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, ilionyesha kwamba kila unapojikaza, moyo wake unasukuma asilimia 30 tu ya damu iliyomo katika chumba chake kikuu, wakati kwa mtu mzima wa afya kiasi hicho huzidi asilimia 50. Alijifungua salama chini ya uangalizi wa daktari wa moyo, na mtoto yuko hai. Lakini tulichelewa, na sehemu kubwa ya kuchelewa huko ilitokana na ile karatasi ya mistari mitatu.

Mimba ni mtihani mkubwa kwa moyo wa namna hiyo. Damu ya mwanamke mjamzito huongezeka kwa karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, moyo unasukuma zaidi kila dakika, na mara tu baada ya kujifungua damu iliyokuwa ikilisha kizazi hurudi mwilini kwa ghafla. Moyo wenye akiba hulibeba jambo hilo bila taabu. Moyo uliopoteza akiba yake utotoni unaweza kujifichua wakati huohuo, katika mwezi wa nane au siku ya pili baada ya kuzaa, tena usiku, katika kituo cha afya kisicho na oksijeni. Wako pia wanaume waliopona, na kwao moyo hujifichua kwa namna nyingine, hasa shinikizo la damu linapopanda. Mimi nasema zaidi juu ya akina mama kwa kuwa ndio ninaowaona.

Kwa nini nashikilia sana suala la kuwahi? Mwaka 2010 madaktari wa Milano, nchini Italia, walichapisha habari za wagonjwa 201 ambao moyo wao ulikuwa umedhoofishwa na antrasiklini, wakapewa enalapirili na, pale ilipowezekana, karvedilo. Kati ya waliopewa dawa hizo ndani ya miezi 2 tangu kemoterapia iishe, asilimia 64 walirudishiwa nguvu ya moyo; kati ya walioanza baada ya miezi 6, hakuna hata mmoja aliyepona kabisa. Dawa hizo mbili si za ajabu. Ni vidonge ambavyo wazee wetu wa shinikizo la damu wanavijua. Kinachokosekana ni mtu wa kuupima moyo wakati bado hauonyeshi dalili. Na hapa nawaomba wauguzi wenzangu tuwe waangalifu: enalapirili haipewi mwanamke mjamzito, kwa kuwa inamdhuru mtoto tumboni. Ndiyo maana hali ya moyo inapaswa kujulikana kabla ya mimba, au walau katika miezi ya kwanza, wakati bado kuna nafasi ya kuchagua dawa nyingine na kupanga mahali pa kujifungulia.

Wapo madaktari, tena ninaowaheshimu, wanaosema kwamba mgonjwa akiambiwa habari hizi ataogopa na kuikimbia kimio. Sikubaliani nao. Mzazi anayeuza shamba ili mtoto wake avuke mto Ruzizi kwenda kutibiwa Rwanda, katika hospitali ya Butaro iliyofungua kituo chake cha saratani mwaka 2012, au afike hadi Kampala, ambako taasisi ya saratani ya Uganda ilianzishwa mwaka 1967, hawezi kuyumbishwa na ukweli uliosemwa kwa upole. Anachostahili ni kuambiwa mambo mawili kwa pamoja: dawa hii itampigania mtoto wako, na baadaye itabidi tumchunge moyo wake. Kumficha la pili ni kumwachia peke yake siku litakapotokea, naye hatajua hata mlango wa kubisha.

Kuna na jambo la kanisani, ninalolisema nikiwa mimi mwenyewe muumini. Aliyepona saratani husimama mbele ya waumini akatoa ushuhuda, na ni haki yake. Tatizo huja baadaye, kwa kuwa kurudi hospitali kupimwa kunaonekana kama kuutilia shaka uponyaji wake. Nawasihi wachungaji na mapadri wetu wawaambie watu hao, mbele ya wote, kwamba kupimwa moyo hakupunguzi ushuhuda hata kidogo.

Basi naomba nini? Kwanza, kila hospitali inayotoa kimio kwa watu wetu, ndani au nje ya nchi, impe mgonjwa anayemaliza karatasi yenye jina la kila dawa, jumla ya miligramu kwa mita mraba, sehemu ya mwili iliyopigwa mionzi kama ipo, na tarehe ya dozi ya mwisho. Hesabu yenyewe mwanafunzi wa shule ya msingi anaiweza: mgonjwa wa saratani ya titi aliyepata doksorubisini miligramu 60 mara 4 ana 240, wa saratani ya tezi za limfu aliyepata 50 mara 6 ana 300. Neno «kimio» pekee halimsaidii daktari atakayemwona baada ya miaka 12. Karatasi nyingi za Uganda huja kwa Kiingereza, na madaktari wetu waliosomea Kifaransa wanaweza kuzisoma, kwa sababu majina ya dawa ni yaleyale na tarakimu ni zilezile, mradi ziwe zimeandikwa. Na kwa kuwa katika mkoa huu watu wamekimbia nyumba zao mara nyingi wakiacha kila kitu, familia iipige picha karatasi hiyo kwa simu na kumtumia ndugu aliye mji mwingine.

Pili, fishi za CPN, yaani kadi tunazojaza kwa kila mjamzito, ziongezewe swali moja: je, uliwahi kutibiwa saratani, hata ulipokuwa mtoto? Tunauliza juu ya upasuaji, juu ya mimba zilizotoka, juu ya kisukari. Swali hili halina gharama, ila liulizwe kwa utaratibu, mama mkwe akiwa nje ya chumba, maana wapo wanawake ambao hawajawahi kuwaambia upande wa mume kwamba waliugua saratani, wakiogopa kuonekana hawafai.

Tatu ni ekografia ya moyo. Miongozo ya kimataifa kwa waliotibiwa utotoni inapendekeza kwamba aliyepata jumla ya miligramu 250 au zaidi apimwe kila baada ya miaka 2, na aliyepata kiasi cha kati kila baada ya miaka 5, maisha yake yote. Najua bei ya kipimo hicho kwa familia ya mtaa wa Bagira au wa Kadutu, na najua kwamba umeme unaweza kukatika daktari akiwa ameshika mashine mkononi. Hata hivyo hospitali zetu kadhaa tayari zina mashine za ekografia za kuangalia mimba, na nyingine kati ya hizo zinaweza kuangalia moyo zikinunuliwa kichwa kinachofaa na daktari mmoja akafundishwa kukitumia. Wafadhili wanaotuuliza kila mwaka tunahitaji nini wajibiwe hivyo. Kabla ya mashine kufika, tuna masikio na macho: tumuulize mgonjwa analalia mito mingapi, tuhesabu mapigo akiwa ametulia, tusikilize mapafu, tumpime uzito kila anapokuja, tupime shinikizo la damu na kulitibu bila kuahirisha, kwa kuwa kwa aliyepata dawa hizi shinikizo huzidisha hatari mara nyingi. Tumwambie pia apunguze chumvi na asile makayabu, wale samaki wa chumvi, kila siku.

Bwana Mhariri, gazeti lenu linafika mahali ambapo sisi wakunga hatufiki. Naomba mchapishe dalili hizi mahali pa kuonekana, kwa ajili ya kila aliyewahi kupata kimio, hata kama ni miaka 20 iliyopita: pumzi kukatika kwa kazi aliyoizoea, kikohozi cha usiku kinachotulia akiketi, moyo kwenda mbio bila sababu, miguu kuvimba, uchovu usioisha. Mwenye moja kati ya hizo aende hospitali ya rufaa iliyo karibu, na neno lake la kwanza kwa daktari liwe kwamba aliwahi kutibiwa saratani. Na kama kuna hospitali iliyo tayari kuanza na ile karatasi ya dawa, kielelezo chake tumekwisha kukiandaa, ukurasa mmoja tu, nacho nimekiambatisha na barua hii ili ofisi yenu impe yeyote atakayekihitaji.

Mkunga, Kadutu, Bukavu